Kimya cha Fundi Si Ukaidi

Kila askari aliyeishi kambini ajua namna redio inavyopunguza uzito wa kazi. Buti hung'arishwa, sare hupigwa pasi, na saa hupita upesi maadamu iko sauti inayosimulia. Siku hizi vipindi vya namna hiyo, viitwavyo podikasti, husikilizwa katika simu, kila mtu akichagua apendacho.

Twalitaja jambo hili kwa sababu wako raia, watu wazima wenye usonji, ambao kwao kusikiliza hivyo si starehe tu. Usonji si wazimu wala ugonjwa wa kuambukiza. Ni namna ubongo ulivyokua tangu utotoni, nao hauishi mtu akifikia utu uzima. Wengi wao huumizwa na makelele tusiyoyajali sisi: msumeno wa jirani, honi, mlio wa pikipiki. Ndiyo maana mmoja wao, apakapo rangi ukuta wake au apigiliapo rafu, huvaa hedifoni masikioni. Sauti moja aliyoizoea, ikieleza jambo alipendalo, huyafunika makelele na kuishika akili yake kazini hadi mwisho.

Tuseme askari amefika kuuliza jambo. Anabisha hodi, haitikiwi. Anaingia uani na kumkuta mtu mwenye nyundo mkononi, asiyegeuka wala kumtazama usoni. Asiyefunzwa ataona ukaidi, pengine hata hatari. Mwaka 2016, huko North Miami nchini Marekani, polisi mmoja alikidhania kigari cha kuchezea, kilichoshikwa na mtu mzima mwenye usonji, kuwa ni silaha. Risasi yake ilimpata mtunzaji wa mtu yule, aliyekuwa amelala chali, mikono juu.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2008, wazitaka serikali katika Ibara ya 13 ziendeleze mafunzo yafaayo kwa polisi na askari magereza. Lakini yako yanayowezekana leo hii. Simama mahali unapoonekana. Punga mkono, usimshike bega kwa ghafla. Ngoja avue hedifoni. Uliza jambo moja tu, kwa sauti ya kawaida, kisha mpe nafasi ajibu. Asipokutazama machoni, usimhesabie hatia.

Subira hiyo haimpunguzii askari mamlaka hata chembe. Silaha amekabidhiwa ili amlinde raia, na fundi yule mwenye nyundo ni raia.