Nyundo Haikuja kwa Jahazi

Imani hii imezoeleka mno, na hata wasomi huirudia: Kiswahili ni mtoto wa Kiarabu, na ufundi wetu ulishushwa na majahazi. Ni uongo. Ushahidi umelala kwenye kaunta za maduka ya vifaa vya ujenzi pale Gerezani, Kariakoo.

Muombe muuzaji msumari, parafujo, spana na nyundo. Msumari ni mismar ya Waarabu. Parafujo ni parafuso ya Wareno. Spana tumeichukua kwa Waingereza. Na nyundo? Wanyarwanda na Warundi huiita inyundo, Waganda ennyondo. Wanaolinganisha lugha wamelifikisha neno hilo kwenye mzizi mkongwe wa Kibantu, kama walivyofanya kwa shoka na jembe. Kule Karagwe nyundo za chuma zilitunzwa miongoni mwa alama za utawala. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walionyesha, katika jarida la Science, kwamba mababu wa Buhaya walikuwa wakiyeyusha chuma chenye sifa za chuma cha pua tangu zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Watu wa namna hiyo wangesubiri jahazi liwafundishe kugonga chuma?

Nitaambiwa kwamba jina lenyewe, Kiswahili, limetokana na sawahil, yaani pwani. Kweli kabisa. Lakini Kariakoo nayo imetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na sijasikia mtu akidai kuwa watu wa Kariakoo ni wazawa wa London.

Hata maneno ya kuazima yanatuunga mkono. Mwarabu akiwa na misumari mingi husema masamir. Sisi tuliisikia ile m ya mwanzo tukaipeleka kwenye ngeli ya mti na miti: msumari umepinda, misumari imepinda, ing'oe yote. Lugha iliyozaliwa na Kiarabu isingemtawala mzazi wake hivyo. Kuazima si aibu, kila lugha inaazima. Aibu ni kumkabidhi mgeni ukoo mzima kwa sababu alituachia msumari.

Kwa hiyo nataka kitabu cha shule kinachoeleza asili ya Kiswahili kianze na Wapokomo, Wamijikenda na Wangazija, ambao lugha zao ni za kundi moja na yetu, kundi la Sabaki. Waarabu wa Muscat wapate sura yao baadaye.