Rangi za Misimu ya Moiben na Kalamu ya Mwanafunzi

Aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili aliyelelewa Moiben, katika Kaunti ya Uasin Gishu, akitakiwa kutunga shairi au hadithi fupi, kalamu yake hukimbilia pwani. Atazitaja pepo za kaskazi na kusi, minazi inayoyumba na mawimbi meupe ambayo huenda hajawahi kuyaona. Akitoka huko, huangukia vifungu vya insha alivyokaririshwa shuleni: machweo mekundu kama damu na mbingu za samawati zisizo na wingu. Shamba la ngano lililo mkabala na nyumba yao halimo. Pengo hilo ni hasara kwa fasihi ya Kiswahili.

Mwaka wa Moiben husomeka kwa rangi. Mwezi Januari nyasi hupauka na vumbi hutanda njiani. Trekta zikishalima, ardhi hugeuka kahawia iliyokolea ikingojea mvua za Machi na Aprili. Mahindi hutangulia kupandwa, ngano hufuata, na kufikia Julai uwanda mzima huwa wa kijani. Ngano ikiiva, kijani hicho huwa manjano ya dhahabu. Kombaini hupita, na nyuma yake hubaki mabua makavu.

Rangi hizi zina habari ndani yake. Mkulima akiona majani ya mahindi machanga yakigeuka manjano, hushuku kwamba udongo umepungukiwa na mbolea. Akiona madoa mekundu ya kutu kwenye mashina ya ngano ambayo bado ni mabichi, hujua kwamba karo ya wanawe imo hatarini. Aina moja ya kutu hiyo, iliyotambuliwa nchini Uganda mwaka 1999, ilifika Kenya miaka michache baadaye na kuzua hofu kubwa miongoni mwa wakulima wa ngano. Manjano ya mavuno ni furaha. Manjano ya Juni ni msiba. Mtunzi anayejua tofauti hiyo ana mgogoro wa hadithi tayari, wala hahitaji kuuazima kwingine.

Lugha yenyewe inamruhusu. Kiswahili kina mizizi mitatu tu ya vivumishi vya rangi: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine nyingi zilipata majina kutokana na vitu: kijani kutokana na jani, kijivu kutokana na jivu, kahawia kutokana na kahawa, zambarau na chungwa kutokana na matunda. Wazungumzaji walivitazama vitu vilivyowazunguka, wakaziita rangi kwa majina yake. Mwanafunzi wa Moiben akiandika juu ya anga yenye rangi ya mabua, au nywele zenye rangi ya ndevu za mahindi, atakuwa anaifuata kanuni hiyo hiyo.

Wapo watakaosema kwamba pwani ndiko chimbuko la Kiswahili na kwamba taswira zake ndizo kipimo cha ufasaha. Hoja hiyo ina uzito, kwani asiyesoma utungo wa pwani hawezi kuijua mizani wala vina barabara. Hata hivyo, kujifunza ufundi wa mtu si lazima kuazima macho yake. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe katika Ziwa Victoria, aliijenga riwaya yake ya Rosa Mistika (1971) juu ya maisha ya kisiwani kwao. Leo riwaya hiyo ni miongoni mwa nguzo za fasihi ya Kiswahili.

Wahadhiri wanaofundisha utunzi wangefanya vyema kuwataka wanafunzi wateue shamba moja, kila mmoja kwao, na kuziandika rangi zake daftarini mwezi baada ya mwezi kwa mwaka mzima, pamoja na maana ya kila badiliko kwa wenye shamba. Mwaka ukiisha, kila mmoja atakuwa na hazina ya taswira ambazo hakuzinakili kitabuni. Wahenga walinena: mcheza kwao hutuzwa.