Nyota Nazo Zaelezeka kwa Kiswahili

Kuna wenzetu hapa shuleni wasemao eti Kiswahili ni lugha ya ngano, mashairi na sokoni. Ukitaka sayansi, tafuta Kiingereza. Mimi nakataa katakata! Na ili nisionekane napiga domo tu, hebu niwaeleze maisha ya nyota kwa lugha yetu hii hii.

Nyota huzaliwa ndani ya wingu kubwa la gesi na vumbi. Nguvu za uvutano hulibana wingu hilo, na kitovu chake huzidi kupata joto. Joto likifika nyuzi milioni 10 hivi, viini vya haidrojeni huungana na kuwa heliamu, nayo nyota huwaka. Jua letu ni nyota ya namna hiyo. Limewaka kwa takriban miaka bilioni 4.6, na bado lina akiba ya miaka bilioni 5 hivi. Kwa hivyo msidhani litazimika kabla ya mtihani!

Haidrojeni ikiisha kitovuni, nyota huvimba ikawa jitu jekundu. Nyota kama Jua mwishowe hupoteza gesi yake ya nje, ikabaki kiini kidogo cheupe ambacho hupoa polepole kama kaa la jikoni. Lakini zile kubwa, zenye uzito wa Jua mara 8 au zaidi, huchoma kuni zao kwa fujo. Baada ya mamilioni ya miaka tu, nyingi hulipuka, na kinachobaki ni nyota ya nyutroni au shimo jeusi, ambamo hata mwanga hautoki. Chuma kilicho katika damu yako, msomaji, kilitokana na nyota zilizokufa kabla Jua halijazaliwa.

Je, kuna mahali umekwama?

Isitoshe, Kiswahili si mgeni huko juu. Wazee wetu waliliita kundi moja la nyota Kilimia, kwani liliwaonyesha majira ya kulima. Halafu tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililo baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake, setilaiti ikaitwa Uhuru. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuundwa mahsusi kuchunguza eksirei zitokazo angani, na vipimo vyake viliwasaidia wanasayansi kutambua kwamba Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi.

Kwa nini nalivalia njuga jambo hili? Kwa sababu nawaona wenzangu wakikariri maelezo ya fizikia neno kwa neno, lakini ukiwauliza, "Maana yake nini, bwana?" wanabaki kutoa macho. Kukariri si kujua. Jambo ulilolielewa waweza kumweleza hata nyanya yako nyumbani akatikisa kichwa kukubali.

Kwa hivyo naomba chama chetu kitenge mkutano mmoja kila muhula, mwanafunzi asimame aeleze mada ya sayansi kwa Kiswahili, na walimu wetu wa fizikia waalikwe kutusahihisha. Kiingereza tutakisoma, tena kwa bidii, maana mtihani ni mtihani. Lakini tusidharau chetu. Wahenga walisema, mkataa kwao ni mtumwa.