Bukavu: Siku ya kupima kilo, macho ya mtoto nayo yaangaliwe

Kadutu, Ibanda ao Bagira, siku ya kilo ni ileile: akina mama kwenye mstari, watoto mgongoni. Mtoto anawekwa kwenye mizani, uzito unaandikwa kwenye fishi, anadungwa chanjo, mama anakimbia sokoni. Macho, mara nyingi, hakuna anayeyaangalia. Na mama akiuliza kwa nini mtoto hamtazami, anaambiwa asubiri, atakua.

Kusubiri huko ndiko kunapofusha watoto. Ubongo unajifunza kuona katika miezi ya kwanza ya maisha. Jicho lisipoleta picha safi, ubongo unalizoea kuliacha. Mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho (ugonjwa huu si wa wazee peke yao) anapashwa kupasuliwa mapema, katika wiki za kwanza kama inawezekana. Akifikishwa kwa daktari na miaka mine, ukungu utatolewa, lakini kuona vizuri mara nyingi hakurudi tena.

Sasa tazama kalenda ya chanjo: wiki 6, wiki 10, wiki 14. Ni wiki zilezile zinazohitajika, na mama amekwisha kufika, bila kulipa safari nyingine. Karibu na wiki 6 mtoto anaanza kukazia macho uso wa mama. Kwa miezi 3 anafuata kitu kinachopita mbele yake. Muuguzi anaweza kupima hayo kwa dakika mbili na kidole chake. Kwa kutazama ndani ya mboni anahitaji oftalmoskopu, kifaa kidogo chenye taa: macho mazima yanarudisha mwanga mwekundu ao wa machungwa, yote mawili sawasawa. Mboni inayong'aa nyeupe inaweza kuwa mtoto wa jicho, ao saratani ya jicho, ambayo inaua ikicheleweshwa. Kuna wazazi wanaogundua weupe huo kwanza kwenye picha ya simu iliyopigwa na flashi.

Wauguzi watasema kazi imewazidi, na wengi wao hawaoni mshahara wa serikali. Ni haki yao kulalamika. Watauliza pia mtoto atapelekwa wapi, wakati waganga wa macho ni wachache na wako mijini. Lakini hapa ni mjini. Na mama asiyepewa jibu kwenye kituo hakai bure: anatafuta majani ya kukamulia jichoni, ao mtu wa kumwambia nani amemroga mtoto, na majani hayo yanaweza kuunguza jicho lililobaki zima.

Wakuu wa zoni za afya hawana sababu ya kungoja mradi kutoka Kinshasa. Fishi ya kilo ina nafasi ya uzito, ya chanjo na ya vitamini A. Mstari wa macho unaweza kuongezwa kwa biki, kuanzia kilo ijayo.