Mwombaji wa Isimu Kutoka Lafey Asiifiche Lugha Yake

Mwanafunzi wa Kiswahili anayetoka Lafey, katika kaunti ya Mandera, anapoketi kuandika maombi ya shahada ya uzamili katika isimu, kishawishi kinachomjia kwanza ni kulificha chimbuko lake. Huandika kwamba amekipenda Kiswahili tangu utotoni, kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba angependa kuchangia maendeleo yake. Maneno hayo si ya uongo. Lakini ndiyo yaliyoandikwa pia na mwombaji wa Machakos, wa Kakamega na wa Tanga, na anayeyasoma maombi hayo hana pa kuwatofautishia. Maoni yangu ni kwamba hoja yenye nguvu zaidi aliyo nayo mwombaji huyu ni ile anayoionea haya: lugha ya nyumbani kwao.

Wapo wanaoitaja, ila kwa namna isiyowafaa. Mada inayopendwa ni makosa ya wanafunzi Wasomali katika Kiswahili. Kisomali hakina sauti /p/ wala /v/, kwa hiyo papai hugeuka babai. Tumeyasikia hayo mara nyingi, na kuyasikia tena hakutuongezei elimu. Mada ya aina hiyo humweka msemaji wa Kisomali mahali pa mgonjwa, naye mwanaisimu akawa tabibu.

Tuchukue mfano mmoja wa swali lililo bora. Katika Kisomali, hooyo ni mama. Ukitaka kusema ‘yule mama’ husema hooyada, kwa kiambishi cha jinsia ya kike; lakini wakiwa wengi husema hooyooyinka, na kiambishi hicho -ka ni cha jinsia ya kiume. Nomino nyingi za Kisomali hubadili jinsia zinapoingia katika wingi. Sasa, mtoto aliyekua na mfumo huo anapokutana na ngeli za Kiswahili, ambamo mtu huwa watu na upatanisho wote ukabadilika, ni kitu gani hasa kinachomtatiza? Si wazo la upatanisho, maana analo tayari. Swali hilo ni la isimu kamili, na aliye na masikio ya lugha zote mbili ndiye anayestahili kuliuliza. Isitoshe, kaunti ya Mandera ina Kigarre na Kiborana pia, lugha ambazo baadhi ya familia huzichanganya mezani pamoja na Kisomali. B. W. Andrzejewski, Mpolandi aliyefundisha London, alijifunza Kisomali ukubwani, akasaidiana na mwenyeji Muuse Galaal. Mwenyeji wa leo hana sababu ya kubaki msaidizi.

Hapa pana jambo la alama. Vyuo vikuu vingi vya Kenya hudai daraja la pili la juu, au la pili la chini pamoja na tajriba ya kazi ya miaka miwili. Sharti ni la haki likisomwa kwa macho mawili. Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilishambuliwa na abiria 28 wakauawa, walimu wakiwemo. Mwaka uliofuata walimu wengi wa kutoka nje ya eneo hilo walikataa kurejea, na madarasa yakabaki bila wafunzi. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, masomo yakasimama pale hadi Januari 2016. Idara inayopokea nakala ya matokeo ya mtu aliyesoma katika miaka hiyo ina wajibu wa kuyajua haya. Mwombaji naye ayaeleze kwa sentensi mbili, bila maombolezo, kisha arudi kwenye swali lake.

Kwa anayeelekea nje: Marekani mhitimu wa shahada ya kwanza anaweza kuomba uzamifu moja kwa moja, na idara nyingi za isimu huwalipia ada na posho wale zinaowapokea. Uingereza uzamili ni wa mwaka mmoja, lakini asiye na ufadhili hujigharimia. Maombi ya Marekani hufungwa aghalabu kati ya Desemba na Januari, hivyo barua za wahadhiri ziombwe mapema, si juma la mwisho. Kuna pia kikwazo kinachotuhusu sisi wa Kiswahili peke yetu, nacho husahaulika: idara hizo hutaka sampuli ya maandishi ya kitaaluma kwa Kiingereza, ilhali kazi zetu bora tumeziandika kwa Kiswahili. Dawa ni mwombaji kuitafsiri mwenyewe sura moja ya tasnifu yake, mifano ya lugha ikibaki ilivyo, na kumwomba msimamizi wake aisome kabla haijatumwa. Kazi hiyo huchukua miezi, si siku. Anayekusudia kuomba mwishoni mwa mwaka aianze likizoni, akiwa Lafey, karibu na wazee ambao mifano yake itawategemea, na awaombe idhini kabla ya kuwasha kinasasauti.