Mkeka Uliouzwa kwa Picha



Wazee wetu wana methali yao: "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii ni ya sokoni, mahali ambapo mnunuzi hukishika kitu kwa mkono wake. Akitaka chungu, hukigonga asikilize mlio. Akitaka ungo, huuinua kwenye mwanga atazame matundu. Akitaka mkeka, huukunjua, hupapasa mshono, hata huunusa ukindu. Basi chema chajiuza kwa sababu macho na mikono ya mnunuzi ipo. Lakini siku hizi kuna soko jingine, nalo ni la intaneti, ndani ya simu hizi walizo nazo vijana wetu. Huko mnunuzi hana mikono. Ana macho tu, nayo yaona picha. Chema na kibaya vyajitembeza pamoja, tena vyote viwili vyang'aa.

Juu ya soko hilo nataka kuwasimulieni jambo lililotokea hapa Lusewa, ambalo kosa lake lilikuwa langu.

Kuna mama mmoja mjane wa kigango chetu, msusi wa mikeka. Ukili wake ni mwembamba na sawasawa, na mshono wake ni shida kuuona. Mpwa wake aliye Dar es Salaam aliupiga picha mkeka mmoja, akauonyesha kwa simu. Hazikupita wiki mbili, mwenye duka mmoja wa mbali akaagiza mikeka kumi ya namna ile ile, kila mmoja kwa shilingi 30,000. Akatanguliza nusu ya fedha, yaani 150,000, akataka mikeka yote katika miezi miwili. Nyumba nzima ilifurahi. Mama akanijia ofisini nimwandikie jibu la kukubali, kwa kuwa mimi ni karani wa parokia na barua za watu wengi hupitia mikononi mwangu.

Hapo ilinipasa kuuliza neno moja tu: Mama, mkeka mmoja wakuchukua siku ngapi? Sikuuliza. Kukata ukindu bondeni, kuuanika, kuuchana, kuutia rangi, kusuka ukili, kisha kushona: kazi hiyo ni wiki mbili, tena kama hakuna msiba wala palizi. Ilipotimia miezi miwili alikuwa na mikeka minne. Mpwa akauliza tufanyeje. Nami, mtu niliyesomea ualimu, nikajibu, "Nunueni sita kwa wasusi wengine, mjazie. Mkeka ni mkeka." Wakanunua sita kwa 15,000 kila mmoja.

Mwenye duka alipokea minne, akairudisha sita. Aliandika kwamba mkono uliosuka ile sita si ule wa kwenye picha. Hesabu ikawa hivi: minne ni 120,000, naye alikwisha toa 150,000, kwa hiyo 30,000 zimrudie. Zile 90,000 za kununulia sita zilikwisha kwenda, na nauli ya mzigo kurudi ikawa juu yetu. Mama akamwuza mbuzi aliyemweka kwa ajili ya sare na madaftari ya mjukuu wake. Nauli nililipa mimi, maana shauri lilikuwa langu. Lakini mbuzi hakurudi. Nilipokwenda kumwomba radhi aliniambia, "Mwanangu, mikeka ile sita haikuwa mibaya. Ubaya ni kwamba tuliiita yangu."

Wakulima wa tumbaku mnalifahamu jambo hili kuliko mimi. Mtu akipanga majani mazuri juu ya robota na mabovu katikati, huenda akapita siku moja. Lakini likifunguliwa, aibu ni yake na ya chama chake kizima. Mnunuzi wa mbali hawezi kulitazama kila jani. Ananunua daraja lililoandikwa, yaani ananunua neno letu. Ndivyo ilivyo na picha kwenye simu.

Tena mkoa wetu wa Ruvuma una mfano mkubwa. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa wilaya ya Tunduru mwaka 1932. Alikwenda Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akafika Dar es Salaam. Yapata mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya ubao, kwa rangi ya kupakia baiskeli, akiuza karibu na maduka ya Morogoro Stores, Oyster Bay. Aliyenunua alimwona mchoraji na brashi yake. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mwizi, akafa, baada ya kuchora miaka minne hivi tu. Wanafunzi wake waliendelea na kazi, na mwaka 1990 wachoraji wakaunda chama chao cha ushirika. Leo picha za namna hiyo zauzwa kwa intaneti duniani kote, nalo jina Tingatinga limekuwa jina la aina ya uchoraji. Lakini wako pia walioliandika jina lake chini ya picha ambazo mkono wake haukuzigusa, ili wapate bei kubwa. Waliofuata njia yake kwa haki huandika majina yao wenyewe. Kumfuata fundi si wizi. Kujiita yeye ndio wizi.

Basi ndugu zangu, sisemi soko hili tuliache. La! Mteja apitaye njiani hapa Lusewa ni mmoja mmoja, na mama zetu wanazeeka na ufundi wao bila kuujua thamani yake. Ila yafaa kuingia kwa utaratibu.

Kwanza, picha. Ipigwe mchana, nje, kivulini, kitu kionekane chote. Kama kina kasoro, nayo ionekane. Pigia picha kitu kile kile utakachompelekea mnunuzi. Kama ni cha mfano tu, sema hivyo.

Pili, maneno. Andika urefu na upana kwa sentimita, kimetengenezwa kwa nini, wapi, na jina la aliyekitengeneza kama yeye mwenyewe amekubali. Jina la mpwa mwenye simu lisichukue nafasi ya jina la msusi.

Tatu, hesabu. Bei iwe na siku za kazi, ukindu, rangi, fungashio na nauli. Kwa mizigo ya nje ya nchi, uliza kwanza habari za posta na za cheti cha afya ya mimea, kwa sababu vitu vya majani na miti huweza kuzuiwa mpakani.

Nne, ahadi. Hesabu siku kabla ya kusema ndiyo. Wasusi wengi wakishirikiana, mnunuzi aambiwe tangu mwanzo kwamba mikono ni mingi. Wanawake wa WAWATA au wa jumuiya ndogo ndogo waweza kutumia simu moja na daftari moja, kila mmoja aone kilichouzwa na kilicholipwa.

Tano, tahadhari. Ujumbe wa kusema fedha imetumwa si fedha. Tazama salio lako kabla ya kutoa mzigo. Na namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata akijiita mtu wa kampuni.

Kitabu cha Mithali chatuonya juu ya mizani ya hila. Zamani mizani ilikuwa ya chuma na mawe. Siku hizi hata picha na maneno machache chini yake ni mizani.

Yule mwenye duka hajaagiza tena, wala sitamlaumu. Lakini mama amemwambia mpwa wake aandike chini ya picha: "Mkeka mmoja kwa wiki mbili, wakati wa palizi hakuna." Juzi mtu mmoja ameagiza mkeka mmoja, akasema atangoja. Ukindu umekwisha kuanikwa.