Mlango wa Maabara Usifungwe kwa Mwanafunzi wa Lugha

Kwetu Fizi na Baraka, mtoto wa sekondari huulizwa mapema swali ambalo jibu lake humfuata maisha yote: unaingia seksio gani? Akichagua kemia na biolojia, majirani huanza kumwita munganga kabla hajaona hata darubini. Akichagua fasihi au ualimu, humhurumia: huyu atazeekea kwenye chaki. Sisi tuliokuja kitivo cha lugha tunaijua hukumu hiyo. Ukishapata diploma ya serikali kwa upande wa fasihi, mlango wa maabara ni kama umefungwa nyuma yako. Nasema kitivo chetu kina wajibu wa kuufungua tena, na watakaofaidika kwanza ni wagonjwa wa kwetu.

Tuanze na kolera, ambayo watu wa kando ya Ziwa Tanganyika hawahitaji kuelezwa. Kabla mgonjwa hajafikishwa kituoni, msaada wa kwanza nyumbani ni kumrudishia maji mwilini: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mama akisikia “kijiko” mahali pa “nusu kijiko”, chumvi imeongezeka maradufu, na chumvi nyingi humdhuru mtoto ambaye tayari amekauka. Hapo kemia yote imesimama juu ya neno moja, “nusu”. Aliyeifahamu kemia lakini hawezi kuhakikisha kwamba neno hilo limefika, kazi yake hajaimaliza.

Fikirieni pia ni nani wanaokaa kwenye benchi moja wakingoja matibabu. Vita vya 1996 viliwavusha ziwa watu wetu wengi, wakaishi katika kambi za Lugufu na Nyarugusu mkoani Kigoma. Kuanzia 2005 meli za shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa zikawarudisha wengi wao kupitia Baraka. Kwa hiyo bibi anayesema Kibembe tu anakaa karibu na kijana aliyelelewa kwa Kiswahili cha Tanzania, na wote wawili wanamngoja muuguzi aliyesoma kila kitu kwa Kifaransa. Muuguzi akisema mtoto apigwe “shindano”, sisi wa huku tunaelewa ni sindano. Aliyekulia Kigoma anawaza mbio au mpira. Nimeombwa zaidi ya mara moja kukaa kati ya muuguzi na mgonjwa ili nitafsiri. Kila mara niliona kwamba Kiswahili changu kilitosha, bali sikujua la kufanya muuguzi alipotaja figo, shinikizo la damu au kipimo cha dawa. Nilikuwa na nusu ya elimu iliyohitajika pale, na muuguzi alikuwa na nusu nyingine.

Kuna nchi ambako nusu hizo mbili hukutanishwa kwa makusudi. Marekani, mtu haanzi udaktari akitoka tu sekondari. Kwanza humaliza shahada, kwa kawaida ya miaka minne, na baadhi huipata katika vyuo vidogo vinavyofundisha fasihi, historia na sayansi pamoja. Anaweza kubobea katika ushairi, mradi apite pia masomo ya biolojia, kemia na fizikia. Mtihani wa kuingia shule ya udaktari una sehemu nne, na moja kati yake haidai sayansi yoyote: mtahiniwa husoma matini za falsafa, sanaa au maisha ya jamii na kupima hoja zake. Hiyo ndiyo kazi tunayoifanya kitivoni kila wiki.

Mwalimu mmoja aliniambia kwamba hiyo ni ndoto, kwa sababu mtu wa fasihi atazama kwenye kemia. Hofu yake ina msingi, nami sidai kwamba uchambuzi wa riwaya unafundisha molekuli. Lakini shule ya udaktari ya Mount Sinai, New York, ilianza mwaka 1987 kuwapokea wanafunzi wa fasihi na sayansi ya jamii bila kuwadai mtihani ule. Walisoma biolojia na kemia ya msingi, kisha wakapewa mafunzo mafupi ya kujazia wakati wa likizo. Utafiti uliochapishwa 2010 ulionyesha kwamba kwa jumla walifanya vizuri sawa na wenzao. Kilichowavusha ni daraja lililojengwa kwa makusudi, na daraja la namna hiyo ndilo tunalokosa.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la ng'ambo tu. Hospitali ya Panzi, Bukavu, iliyoanzishwa 1999 na Daktari Denis Mukwege, imejulikana duniani kwa kuwahudumia wanawake waliobakwa kwa njia nne: tiba ya mwili, msaada wa kisaikolojia, msaada wa kisheria, na kuwasaidia kujitegemea kimaisha. Hesabuni wenyewe: ni ngapi kati ya hizo zinazoweza kufanyika bila mtu anayejua kusikiliza na kuchagua maneno?

Ninachoomba hakihitaji jengo jipya. Kwanza, kitivo kiruhusu kozi mbili za hiari, biolojia ya mwili wa binadamu na kemia ya msingi, zifundishwe na walimu wa sayansi walio karibu nasi, na alama zake zihesabiwe. Pili, tuwafundishe wanafunzi wa uuguzi Kiswahili cha kazini na Kibembe cha kumhoji mgonjwa, nasi tupate kujifunza kwao. Tatu, kazi za kumalizia masomo zikubali mada kama istilahi za magonjwa katika lugha za Fizi, maana mwanafunzi anayekusanya maneno ya wazee kuhusu homa, uchungu wa kuzaa na kuhara anafanya isimu na afya kwa wakati mmoja.

Baadhi yetu watabaki walimu wazuri wa lugha, na chaki si aibu. Wengine wataomba nafasi katika afya ya jamii, uuguzi au udaktari. Naomba baraza la kitivo lilizungumze jambo hili kabla ya ratiba ya mwaka ujao kupangwa, na wanafunzi tuitwe tusikilizwe.